Mzee Hachekwi, Anachekwa Jogoo Wake

Kila ukoo una faili lake la wanyama. Halijaandikwa popote, wala hakuna aliyekabidhiwa kulitunza, lakini likikosekana shughuli hainogi. Subiri msiba uingie usiku wa pili. Watu wameshalia mpaka sauti zimekauka, kahawa imepita mara kadhaa, wanaume wamejinyoosha kwenye majamvi nje. Hapo atajitokeza mmoja aseme kwa sauti ya chini, "Lakini marehemu na yule jogoo wake, jamani..." Basi. Wa pili atadakia, wa tatu atasahihisha, na mara utasikia vicheko kutoka ndani kwa akina mama, kumbe nao wanaisimulia hiyohiyo, kwa toleo lao, lenye mambo ambayo wanaume hawakuyaona.

Nimezisikiliza hadithi hizi kwa muda mrefu, kwetu na kwa watu, na kuna jambo moja ambalo sijaona likikosekana. Mnyama mwenyewe hana kituko. Mbuzi anakula, jogoo anapigana, kasuku anarudia alichosikia. Kila mmoja anafanya aliloumbiwa. Kituko ni binadamu mwenye cheo, mwenye kanzu, mwenye kauli, anapokutana na kiumbe asiyejua cheo wala kanzu. Na kwa kuwa kwetu mkubwa hachekwi usoni, wala huwezi kusimama mbele za watu ukasema baba yako mkubwa alikuwa mwoga, unasimulia habari za jogoo. Kila mtu anaelewa anayesemwa ni nani. Adabu imelindwa, na siri imetoka.

Chukua huyo jogoo. Baba yangu mkubwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Muheza, enzi ambazo mwalimu mkuu akikohoa kijiji kizima kinanyamaza. Mzazi mmoja, kwa furaha ya mwanawe kuchaguliwa kwenda sekondari, akamletea zawadi ya jogoo wa kuchi. Anayewajua kuchi hahitaji maelezo. Ni kuku wa miguu mirefu na shingo ndefu, kifua chenye manyoya machache, na husimama wima akikukodolea macho. Watu wamewafuga miaka mingi kwa ajili ya kuwapiganisha, na ugomvi umo damuni. Huyu alipofunguliwa kamba mguuni aliutazama uwanja, akautazama mwembe, akamtazama mwalimu mkuu, akaamua kwamba hapa pana nafasi ya uongozi iliyo wazi.

Choo kilikuwa nje, mwisho wa uwanja. Mama mkubwa alipita apendavyo, maana yeye ndiye mwenye kopo la pumba. Watoto walipita mbio. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kukimbia mbele za watu, alipita na mwavuli. Aliufungua akauelekeza mbele, ukamfunika kuanzia magotini hadi kifuani, akawa anasogea kwa ubavu huku jogoo akiurukia kwa zile kucha za nyuma ya mguu. Wanafunzi waliokuwa njiani walisimama, kama alivyowafundisha yeye mwenyewe, wakaimba kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu!" Na nyuma ya mwavuli ikatoka sauti nzito isiyotetereka: "Marahaba. Nendeni darasani."

Siku moja akaja mgeni kutoka ofisi ya elimu, mkaguzi, mtu wa suti. Baada ya chakula akauliza kwa upole msala uko upande gani. Baba mkubwa akainuka, akauchukua mwavuli pembeni ya mlango, akampa. Mgeni akatazama nje. Ilikuwa Januari, jua linachoma, wingu hata la dawa hakuna.

"Mvua, mwalimu?"

"Chukua tu, bwana."

Mama mkubwa ndiye anayeimalizia vizuri hii, kwa sababu alikuwa jikoni na dirisha la jikoni linatazama uwanja. Anasema mkaguzi alikwenda nao umefungwa akarudi nao umefunguliwa, na zile kalamu zilizokuwa zimepangwa kwenye mfuko wa koti zikabaki hukohuko. Baba mkubwa alimpokea mlangoni, akauweka mwavuli mahali pake, wakaendelea na mazungumzo ya mtaala. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo hawiki kwa sababu tu ameona mwanga. Ana saa yake mwilini, na hata akifungiwa mahali ambapo mwanga haubadiliki ataendelea kuwika kwa nyakati zake. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba majogoo wanaokaa pamoja huwika kwa kufuata ukubwa: mwenye cheo cha juu hutangulia, walio chini husubiri zamu, na akiondolewa mkubwa, wa pili anashika nafasi. Kwa hiyo jogoo anaujua uongozi kuliko wengi wanaougombea. Katika mpangilio wa uwanja ule mwalimu mkuu alikuwa wa pili, na kila alfajiri alitangaziwa hivyo.

Hadithi hii haikusimuliwa hata mara moja mbele yake. Ilisubiri mpaka siku ya matanga yake, na aliyeianza ni mjukuu, ambaye kwa mila ana kibali. Mjukuu na babu ni watani. Babu akimwita mjukuu wa kike "mchumba wangu" hakuna anayeshtuka, na mjukuu akimwambia babu amezeeka hafai, babu atacheka mpaka akohoe. Ndivyo ilivyo kwa binamu na binamu, na kwa makabila yenye utani wa asili, Wapare na Wachaga, Wangoni na Wahehe waliopigana vita vikali karne ya 19 na leo wanataniana. Mtani anaweza kuingia msibani akamwigiza marehemu mwendo na sauti, na wafiwa wasikasirike. Mila imeshaweka wazi nani anaruhusiwa kumcheka nani. Mimi naona mnyama ni mtani wa akiba, kwa wale ambao hawakujaliwa mtani.

Na wengine huhitaji mnyama wa kusingizia. Upande wa mama yangu ni watu wa Pangani, kwenye minazi. Babu mzaa mama alikuwa na minazi kadhaa aliyokuwa akigemewa na kijana wa jirani. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hulikata karara kidogo, hufunga kibuyu, na tembo hudondoka tone kwa tone. Babu alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, na tembo lile, alivyoeleza, lilikuwa la kufanyia siki ya achari ya bibi. Bibi alitengeneza achari ya kutosha kabisa. Lakini vibuyu vya jioni, vilivyowekwa kibandani visubiri asubuhi, kila kukicha vilikutwa pungufu.

"Komba," babu alisema. "Komba wa mwaka huu wamezidi."

Hilo lilikuwa na msingi. Komba hutembea usiku, hulia kama mtoto mchanga mpaka mgeni anaomba dua, na hupenda utomvu wa miti. Wagema wana hadithi nyingi za komba aliyekutwa mnazini amelala fofofo na jua limeshapanda, na ndiyo maana mtu aliyekunywa akapitiliza huambiwa amelewa kama komba. Wala si komba peke yake. Huko Bossou, nchini Guinea, watafiti waliwafuatilia sokwe kwa miaka 17 na mwaka 2015 wakatangaza kwamba sokwe wale wamezoea kupanda kwenye miwale ya watu, wakatafuna majani yakawa kama sifongo, wakayachovya chomboni na kunywa pombe ya mgema. Babu alikuwa na ushahidi wa kimataifa bila kujua.

Asubuhi moja baada ya mvua bibi akaenda kibandani peke yake. Aliinama, akatazama tope kwa muda, kisha akaita.

"Baba fulani, njoo umwone komba wako. Mwaka huu amenunua kandambili. Na ya kulia imelika kisigino."

Babu alikuwa akichechemea kidogo, na kandambili yake ya kulia ndiyo iliyokuwa ikilika kisigino. Akaja, akasimama juu ya zile nyayo, akazitazama kwa makini kama mtu anayesoma mkataba. Halafu akasema, "Huyu atakuwa ameziiba. Jana nilizitafuta sana."

Mpaka leo, nyumbani kwetu mtu akikana jambo lililo wazi haambiwi mwongo. Anaulizwa tu kama ameshazipata kandambili.

Kasuku ni habari nyingine, maana yeye hasingiziwi. Yeye anatoa ushahidi. Shangazi yangu wa Ngamiani, mjini Tanga, aliletewa kasuku wa kijivu na mumewe aliyekuwa baharia. Hiyo ilikuwa zamani. Kasuku hawa asili yao ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, na kwa jinsi walivyokamatwa ovyo, tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa mwituni imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Hapa kwetu pia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haitaki mtu afuge mnyamapori bila kibali. Anayesoma haya akatamani kasuku, atamani kwa utaratibu.

Shangazi alikuwa akifanya biashara ya vitenge. Aliwakopesha wanawake wa mtaani, naye alikopa kwa mfanyabiashara mmoja wa barabara ya pili, mzee mpole, mwenye kofia na daftari. Mwisho wa mwezi, mzee akibisha hodi, shangazi alimsukuma mtoto yeyote aliyekuwa karibu na kumnong'oneza, "Mwambie sipo." Kasuku alikuwa barazani, anasikiliza. Siku moja mzee akapiga hodi, na kabla mtoto hajafika mlangoni ikasikika sauti ya shangazi, yake kabisa, na ile pumzi yake ya haraka haraka: "Mwambie sipo!" Mzee yule alikuwa mtu mstaarabu. Akajibu, "Haya, mwambie nilipita," akaondoka.

Huo ungekuwa mwisho mzuri, lakini kasuku hakukomea hapo. Ndege hatoi sauti kwa koo kama sisi. Ana kiungo chake chini kabisa ya bomba la hewa, na kasuku wa kijivu anakitumia kwa ufundi mkubwa. Baada ya muda akaanza kubisha mwenyewe. "Hodi! Hodi hapa!" kwa sauti ya mwenye daftari. Alasiri moja watoto walirudi kutoka madrasa wakakuta nyumba kimya, chai imepoa mezani, mama hayupo. Wakamtafuta jikoni, wakamtafuta uani, wakamwulizia kwa jirani. Alikuwa uvunguni mwa kitanda, amejibana na sanduku, anawaonyesha kidole mdomoni wanyamaze. Mwenye daftari siku hiyo alikuwa safarini Korogwe.

Anayedhani shangazi alizidi, awakumbuke wenzake wa Uingereza. Mwaka 2020 bustani moja ya wanyama huko Lincolnshire ilipokea kasuku wa kijivu 5 kutoka nyumba mbalimbali ikawaweka pamoja, wakafundishana matusi waliyotoka nayo makwao. Mmoja akitukana, mwenziwe anacheka kicheko cha binadamu. Uongozi ukalazimika kuwatenganisha na kuwaondoa mbele ya wageni. Mimi katika kisa hicho huwa nawafikiria wale wenye nyumba 5, wanaosoma gazeti asubuhi na kuitambua lugha ya sebuleni kwao.

Uingereza hiyohiyo ndiyo iliyotoa bingwa wa hadithi za namna hii, Gerald Durrell. Mama yake, mjane, aliwahamishia watoto kisiwa cha Corfu, Ugiriki, mwaka 1935, wakakaa huko hadi 1939, na Gerald, mtoto wa mwisho, akaijaza nyumba kwa bundi, kobe, nyoka na kila kinachotambaa. Mwaka 1956 akatoa kitabu kuhusu familia yake na wanyama hao. Kisa maarufu humo ni cha nge jike aliyebeba watoto mgongoni, ambaye Gerald alimhifadhi kwenye kiberiti. Kaka mkubwa, Lawrence, alipomaliza kula akachukua kiberiti awashe sigara, akakifungua. Nge walimwagika juu ya meza, na chumba kizima kikageuka vurugu. Angalia anayechekwa ni nani: kaka mkubwa, mwandishi, mtu wa kauli. Gerald alimsubiri miaka 20. Tena alimpunguza na kumwongeza alivyotaka, kwani kwa kweli Lawrence aliishi na mkewe nyumba ya mbali na wenzake, na mke huyo kitabuni hayumo kabisa. Msimuliaji wa familia ana mkasi.

Zipo nyingine zinazosimuliwa kwa kicheko ambazo mimi hazinichekeshi: paka aliyepakwa pilipili, mbwa aliyefungwa kopo mkiani, punda aliyenyweshwa gongo aonekane atakavyokwenda. Hapo hakuna mzee aliyeshushwa cheo. Kuna mnyama aliyeteswa, na tangu 2008 nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama inayokataza hayo. Nazo video za simuni, za paka wa Korea anayeteleza sakafuni, zinachekesha kwa sekunde kadhaa kisha zinasahaulika, maana huyo paka hajamdhalilisha mtu tunayemfahamu.

Nimalizie na ile iliyo kubwa kuliko zote kwetu, posa ya mama yangu.

Barua iliandikwa Muheza na baba mkubwa, yuleyule wa mwavuli, kwa mwandiko wake wa kulaza uliokuwa ukitumika kama kielelezo shuleni. Ikatiwa ndani ya bahasha pamoja na noti za kishika uchumba, bahasha ikafungwa kwenye leso nyeupe, leso ikawekwa juu ya sinia. Mshenga alikuwa mjomba wa baba, msemaji aliyekodiwa hata na koo nyingine. Shangazi wa Ngamiani alifuatana nao kushuhudia. Wakapokewa Pangani kwa babu wa kandambili, wakakaribishwa mkekani barazani, sinia ikawekwa katikati, na mjomba akaanza kuzunguka. Hakusema amefuata nini. Alisema wamepita wakaona bustani, bustani ina maua, maua yana mwenyewe.

Babu alikuwa na beberu mwenye pembe moja, aliyezoea barazani kwa sababu wajukuu walimlisha maganda ya ndizi hapo. Alipanda ngazi taratibu, akasimama kwenye ukingo wa mkeka, akanusa sinia. Watu husema mbuzi hula chochote, hata makopo. Si kweli, kopo huwa analamba karatasi na gundi yake. Mbuzi ni mchaguzi. Taya lake la juu halina meno ya mbele, kwa hiyo anategemea midomo, na mdomo wa juu unajikunja na kuchambua jani moja kati ya miiba mia. Kwa mdomo huohuo alishika ncha ya leso, akavuta, fundo likafunguka. Akaiacha leso. Akachukua bahasha kwa kona.

Wote waliona. Hii ndiyo sehemu ambayo ukoo wetu haujachoka kuijadili. Mjomba aliona, lakini alikuwa katikati ya methali, na msemaji wa sifa yake hakatizi methali. Babu aliona, lakini kwa desturi upande wa mwanamke haunyooshi mkono kwenye posa kabla haijakabidhiwa. Wangeonekana wana njaa ya binti kuolewa. Shangazi aliona, ila mwanamke hasimami wakati mshenga anazungumza. Basi kwa heshima kubwa, watu wazima wote wakabaki wameketi, wakaitazama bahasha ikiingia kidogo kidogo, mwandiko wa kulaza na noti, mpaka ukabaki muhuri wa shule, nao ukaenda. Mjomba akamalizia: "...na ndiyo hayo tuliyoyaleta mbele yenu." Akanyoosha mkono kuonyesha sinia.

Kesi ikachukua alasiri nzima. Upande wa baba walidai bahasha ilipotua kwenye mkeka wa wenyeji ilikuwa imeshafika, na aliyeipokea ni mbuzi wa wenyeji, kwa hiyo hawana deni. Upande wa mama walidai kitu hakijafunguliwa wala kusomwa hakiwezi kuitwa posa, na mbuzi si mkuu wa kaya. Mtu mmoja akashauri iandikwe nyingine. Shangazi akasema kaka yake hawezi, maana anavyomjua atauliza ile ya kwanza ilikuwa na kosa gani. Babu akapendekeza, kwa uso mkavu, kwamba huenda ni komba. Hapo ndipo bibi alipotoka ndani na kanga yake begani.

"Posa imeingia nyumbani," alisema. "Njia iliyopitia msiniulize. Jibu mtaletewa."

Jibu lilipelekwa, lilikuwa la kukubali, na barua ya pili haikuandikwa. Beberu alichinjwa siku ya harusi. Wajomba wa upande wa baba walidai wapewe utumbo, kwa hoja kwamba fedha yao imo humo, na baada ya majadiliano mafupi wakapewa.